Nafasi Iliyozibwa

Kabla ya vita, kikosi cha Kapteni Volkmar Diehl kilikuwa kwaya. Kila Jumapili alasiri wanaume wa Kijerumani wa mji ule wa Ohio walikutana kwenye ukumbi wa Bruno Kessel, mpika bia, wakaimba kwa sauti nne. Diehl aliimba besi. Majimbo ya Kusini yalipojitenga na vita vikaanza, walijiandikisha pamoja na kumchagua yeye awaongoze, kwa kuwa aliwahi kushika silaha kwao Baden, Ujerumani, katika mapinduzi yaliyoshindwa. Huko alikuwa amehukumiwa kifo. Amerika aliingia na jina lake tu, na alilitunza.

Kwaya ile ilikuwa na desturi moja. Mwimbaji akifa, hakuna anayesogea kuziba pengo lake. Mwaka mzima wanaimba na nafasi wazi pale alipokuwa akisimama. Aliyefukuzwa, nafasi yake huzibwa siku hiyo hiyo.

Kiangazi cha kwanza baada ya vita, Mama Walburga Seitz aliketi jikoni kwa Diehl mpaka kahawa yake ikapoa.

"Wanachonga jiwe uwanjani, Volkmar. Majina ya vijana wote waliokufa. Ottmar wangu hayumo. Hata mmoja wa kwetu hayumo."

"Umewauliza?"

"Wamenijibu jiwe si la wakimbiaji wa vita."

Ottmar alifukiwa Virginia, shimo moja na wenzake, wala hakuna aliyejua shimo lenyewe liko wapi. Jiwe lile ndilo kaburi pekee ambalo mama yake angeweza kulipelekea maua.

Diehl alikwenda kwa Bwana Elihu Prentiss, mwenye kinu cha ngano na mkuu wa kamati ya jiwe. Mwanawe Prentiss alikuwa katika kikosi kilichopigana ubavuni mwao.

"Kapteni, mwanangu aliwaona kwa macho yake."

"Alituona tukigeuka. Adui alikuwa nyuma yetu!"

Asubuhi ya siku ile ya mapigano kule Virginia, Diehl alikuwa ametoa taarifa kwamba msituni mna watu. Kanali mmoja alimcheka, akimwita kama walivyoitwa Wajerumani wote: Mdachi anaogopa sungura. Jioni, masufuria yakiwa motoni, adui alitoka msitu ule ule. Diehl alitoa amri kwa Kijerumani, lugha waliyofundishiwa gwaride: nyuma geuka! Waligeuka kwa pamoja kama mtu mmoja, wakamkabili adui, na wengi wao wakafa hapo hapo. Kikosi jirani hakikuelewa neno hata moja. Kiliona Wadachi wanaipa mgongo safu ya mbele, kikatimua mbio. Na kwa kuwa kilikimbia vizuri, ndicho kilichotangulia kuwafikia watu wa magazeti.

Prentiss alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Hayo hakuna atakayeyaamini. Lakini askari humfuata afisa wake. Kama afisa ndiye aliyekimbia, na vijana wakamfuata kwa sababu hawajui amri kwa lugha nyingine, hapo hata wake zetu watawaonea huruma. Yaseme hayo mbele ya watu Jumapili, na majina yatachongwa."

"Unataka niseme uongo."

"Nataka mji upate mtu mmoja wa kumlaumu. Sasa hivi unailaumu kwaya nzima."

Jumapili, Diehl alisimama mbele ya watu akasema kwamba alikimbia.

Bruno Kessel alimfuata nje akichechemea kwa mguu wake wa mti. "Umerogwa, Kapteni? Nilikuwa kando yako! Mguu wangu niliuacha nikikimbia, siyo?"

"Basi rudi ndani ukawaambie. Ottmar afutwe."

Bruno aliutazama mlango, lakini hakurudi ndani.

"Na siku ya jiwe," Diehl akasema, "nafasi yangu uizibe."

"Siwezi."

"Ukiiacha wazi watauliza kwa nini mnamheshimu mkimbiaji. Izibe, Bruno."

Jioni ile Mama Seitz alikuja, ila hakuvuka kizingiti.

"Kumbe ni wewe. Nikakumegea mkate wangu miaka yote hii." Alimtazama kana kwamba anasubiri akane. "Angekuwa hai mwanangu."

Jiwe lilifunuliwa mwishoni mwa kiangazi. Ottmar Seitz alikuwamo, na wenzake wote, chini kabisa karibu na majani. Mama yake alipiga magoti akapitisha kidole katika kila herufi. Diehl alisimama mbali, walikofungwa farasi.

Kwaya ilijipanga. Mstari ulikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Bruno alikuwa mwisho wa upande wa besi, na kando yake palikuwa wazi, pale pa Diehl. Bwana Prentiss alikuwa akitazama. Bruno alishusha macho, akasogeza mguu wa mti, kisha ule mzima, akasimama pale.

Wakaanza kuimba. Diehl alizifuata noti za besi kwa midomo bila sauti, mpaka mtu mmoja aliyekuja kuchukua farasi wake akamwambia asogee.