Chakula cha Mama Nzi

Yunia Aboth alikuwa akisugua sahani kwa mara ya tatu. Jivu, maji, jivu tena. Zilikuwa sahani nne za bati, na rangi yake ya buluu ilishatoka pembeni. Ungedhani anatafuta kitu kilichofichwa chini yake. Mgongo ulimuuma na magoti yalilia kama bawaba za mlango wa kanisa. Kijiji kizima cha Mukuju, mashariki mwa Uganda, hapakuwa na mwanamke wa miaka themanini na mitano aliye safi kama yeye, wala hapakuwa na mtu aliyetaka kujua. Msiba ukitokea, wenzake waliitwa jikoni. Yeye alipewa kazi ya kuni, na kuni zenyewe aziweke pale, mbali kidogo na sufuria.

Sababu ilikuwa filamu.

Mwaka wa hamsini na saba serikali ya Mwingereza ilimtuma mzungu mwenye kamera aje kuwafundisha watu usafi. Mzungu alilipenda shamba la baba yake Aboth, kwa kuwa mwamba wa Tororo ulionekana vizuri nyuma ya mkwaju. Alimpenda na Aboth, kwa kuwa alipopakwa maji ya miwa usoni na nzi wakaja, msichana hakupepesa macho. Akamfanya mke mchafu. Karani wake, Eriya Owori, mwenye kaptula iliyopigwa pasi, akamfanya mume na mwenye boma. Kwa uvivu wa kutunga majina, akawaachia yao wenyewe. Katika filamu mke huyo anachota maji kwenye nyayo za ng'ombe, anafuta mwiko kwa sketi, anampakulia mgeni. Mgeni anakula. Jioni mgeni anakufa.

Aboth alilipwa miche miwili ya sabuni.

Kisha akawa nyota. Gari la sinema lilizunguka Tororo, Busia, Mbale, hata Kisumu. Shuka jeupe likatundikwa na kijiji kizima kikaketi chini. Alisimamishwa juu ya gari watu wamwone. Akapewa filamu ya pili, mke mlevi, na ya tatu, mke aliyekataa kupalilia pamba. Kwa bahati mbaya wale walioketi chini waliamini macho yao. Sokoni Busia walimrushia maganda ya ndizi wakimwita Mama Nzi. Mama yake Ekwaro, kijana aliyekwisha kuleta ng'ombe wa mahari, aliitazama filamu mpaka mgeni akakata roho, na kulipopambazuka akaja kuwaswaga ng'ombe wake kuwarudisha kwao. Hakuja mchumba mwingine. Mwingereza akaenda zake, gari likaota kutu, Aboth akabaki na jina.

Zaidi ya miaka sitini baadaye filamu ikafufuka. Chuo kimoja cha ng'ambo kiliiweka mtandaoni, na mtoto wa yule karani, Mheshimiwa Owori, diwani, akaiona kwenye simu yake. Akamwona baba akitembea chini ya mkwaju, akinyoosha kidole huku na huku, na sauti ya msimulizi ikisema: "Huyu ni Eriya Owori. Hapa ndipo kwake." Wakati huohuo kampuni moja ilikuwa ikitafuta mahali pa kuegesha malori yanayongoja kuvuka mpaka. Ekari tatu za Aboth, pamoja na kaburi la baba yake, zikagundulika kuwa za ukoo wa Owori.

"Yalikuwa maigizo," Aboth aliiambia kamati ya ardhi.

"Mama, kamera haidanganyi," mwenyekiti Obbo alimjibu. "Kitu mimi naona na macho yangu, wewe nasema ni uongo? Macho ya Obbo ni ya uongo?"

Wakacheka. Wakasema watakuja kuliona shamba, waitazame filamu hapohapo, waamue. Na desturi ni kwamba kamati haikagui shamba la mtu kwa njaa. Mwenye shauri hupika.

Aboth alirudi nyumbani akiyarudia maneno yale chini kwa chini. Kamera haidanganyi. Kukariri alikuwa hajasahau.

Mtu pekee aliyekula kwake alikuwa Nereah, Mkenya mchuuzi aliyeleta samaki kutoka Busia na kumwita Dani, kama wajukuu waitavyo bibi zao kwao.

"Dani, hawa hawawezi kula kwako. Wakisikia ni wewe, watapita mbali."

"Watadhani ni chako. Wewe utabeba tu."

"Na wakiuliza nani amepika?"

"Umewahi kuona mkubwa akiuliza nani amepika?"

Kamati ilifika saa sita mchana: Obbo mbele, katibu Sandra na daftari lake, na Mheshimiwa Owori aliyeleta televisheni na jenereta ndogo, kwa kuwa ushahidi ulikuwa wake. Nereah, aliyevaa aproni iliyopigwa pasi, aliwapakulia ndani ya nyumba ya Aboth ugali wa wimbi na samaki wa moshi kwa mchuzi wa karanga. Obbo alikula kama mtu aliyetukanwa na chakula. Filamu ikaanza.

Aboth alisimama mlangoni. Alikuwa hajajiona tangu ujana wake. Msichana yule alikuwa mzuri, nzi na yote.

"Tazama mzee wangu," Mheshimiwa alisema, akielekeza tonge kwenye kioo. "Anaonyesha mpaka. Mkwaju si huu hapa nje?"

"Ni huu," Obbo alisema. "Katibu, andika. Kamati imeona na macho, filamu ni ya kweli."

"Yote?" Aboth aliuliza.

"Mama, ukweli hakuna nusu."

"Basi andika hivyo, binti yangu. Yote."

Sandra akaandika. Obbo akasaini kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na mchuzi.

Kwenye kioo mwiko ulifutwa kwa sketi. Mgeni akalamba vidole. Mgeni akashika tumbo. "Ndugu huyu," msimulizi alisema kwa huzuni ya mtu anayelipwa, "hakuiona asubuhi."

"Samaki ni tamu, mwenyekiti?" Aboth aliuliza.

"Tamu sana. Huyu mama wa Kenya anajua kazi."

"Nereah amebeba tu. Nimepika mimi."

Tonge la Obbo lilisimama hewani. Aliitazama sahani, akamtazama msichana kwenye kioo, akamtazama bibi kizee mlangoni, kisha akatoka nje na kuurudishia mkwaju kila alichokula.

"Mwenyekiti, acha ujinga," Mheshimiwa alimfokea kupitia dirisha. "Hiyo ni maigizo tu. Walikuwa wanaigiza wote, hata baba..."

Akalirudisha tonge lake sahanini.

"Malizia, Mheshimiwa," Aboth alisema. "Hata baba?"

Aboth alimgeukia Sandra. "Umesikia, binti yangu?"

Sandra alikuwa ameinua kalamu. Obbo alirudi akijipangusa kidevu, akaiona ile kalamu.

"Hiyo usiandike," alisema. "Mimi nimesaini tayari."

Sandra akaifunika kalamu.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki tatu, una mhuri. Filamu ni ushahidi kamili. Shamba ni la ukoo wa Owori. Na kwa kuwa filamu hiyohiyo inathibitisha hali ya usafi ya mama huyu, amekatazwa kuwapikia watumishi wa serikali. Sandra aliupiga chapa bila kosa hata moja. Kesho yake vigingi vyenye rangi nyekundu vilipigwa ardhini, kimoja kwenye kaburi.

Nereah alikuja Jumatano, akakaa kwenye kizingiti bila kumsalimu.

"Dani, Ijumaa wanafungua yadi ya malori. Mheshimiwa, Obbo, wageni kutoka Kampala. Tenda ya chakula wamenipa mimi." Alichezea ncha ya leso yake. "Wanataka ule mchuzi wa siku ile. Obbo mwenyewe amesema, ukiacha yale mengine, ulikuwa mtamu. Na mimi siujui, Dani. Nikikataa, watampa mwingine."

Aboth aliendelea kusugua sahani yake mpaka ikalia.

"Lete sufuria," alisema.

Ijumaa asubuhi sahani zilianikwa juani, nyeupe pembeni kama meno. Samaki walikuwa tayari, karanga zimesagwa, moto umeshika. Aboth alichukua kibuyu. Nereah alimwona akilipita bomba la maji bila kusimama, akateremka bondeni, walikokuwa wamenyweshwa ng'ombe wa Mheshimiwa.

"Dani?"

Hakugeuka. Aliinama kwenye nyayo za ng'ombe polepole, kama alivyofundishwa, bega la kushoto mbele, uso umeelekezwa kidogo upande wa mkwaju, pale kamera iliposimama. Nzi walikuja. Hakupepesa macho.