Mtaji wa Kina Mama wa Kyeni

Ukitaka kumwona Kalunde akicheka mpaka ashike mbavu, huna haja ya kumsimulia kisa. Taja tu neno mtaji. Atakutazama kwanza kuhakikisha kwamba humkejeli, kisha atafunika mdomo kwa ncha ya leso na mabega yaanze kutikisika. Akishacheka atanyamaza, na ukiwa na macho utaona hayuko nawe tena. Amerudi Zombe, huko Kitui, mwaka wa sabini na nane, Jumatano mchana, na redio inakwaruza.

Redio yenyewe ilikuwa ya Mutindi, mwenyekiti wa kikundi cha Kyeni, mama mpana, mlokole wa kweli, ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake ya nyuma. Aliivisha redio hiyo kitambaa alichokifuma mwenyewe, na betri zilipochoka alizianika juu ya bati kama mtu anayeanika mahindi, zikapata nguvu kidogo. Wakati huo wakubwa wa Nairobi walikuwa wameamua kwamba vikundi vya kina mama vya mbali, ambako hakuna mwalimu aliyekuwa tayari kumeza vumbi kuvifuata, vifundishwe biashara kwa redio: namna ya kupanga, namna ya kutunza pesa, namna ya kuuza. Kipindi kiliitwa Kikundi na Biashara. Mwalimu alikuwa mwanamke wa pwani, mwenye Kiswahili laini kama uji uliokorogwa vizuri. Hawakumwona hata siku moja, lakini alipowasalimia waliitika kwa sauti, na alipowaaga walimpungia mkono. Mwenye swali aliandika barua, akaipeleka posta, akangoja. Jibu lilikuja hewani baada ya wiki nyingi, pengine swali lenyewe likiwa limeshajijibu.

Siku zile watu walikuwa wanasikiliza, bwana. Sasa hivi kila mtu anafundishwa kila kitu na hakuna anayesikia. Kina mama wa Kyeni walijipanga kwenye viti vya kanisa, wakasikiliza somo, wakasikiliza na matangazo ya vifo yaliyofuata, wasije wakapitwa na kitu.

Kalunde alisikiliza kutoka nje, chini ya dirisha, akisokota makonge pajani. Ndani hakuwa na nafasi. Kila mwanachama alikuwa ametoa kitu cha kuingilia, na yeye hakuwa na kitu. Alikuwa amerudi kwa ndugu yake Mwangangi kutoka Matiliku, upande wa Makueni, alikoolewa na Muli. Kwa nini alirudi, siri ya mtungi aijuaye ni kata. Aliyeona kovu lililo juu ya nyusi yake hakuuliza mara mbili. Lakini mbuzi wa mahari walikuwa wameshaliwa zamani, na watu wa Matiliku walikuwa wametuma neno: baada ya mavuno watakuja, na hawataondoka mikono mitupu. Ama mke, ama mbuzi.

Mwangangi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiye na mbuzi, ila jike mmoja wa maziwa. Alimwambia dada yake waziwazi kwamba hana la kufanya, labda Mungu afanye. Mkewe, Ndinda, hakusema kitu, ila alipopakua chakula alikwangua sufuria kwa kelele nyingi, na kila mlio wa mwiko ulimwambia Kalunde kwamba kuna mdomo mmoja uliozidi.

Basi Jumatano moja mwalimu wa redio akasema, "Hakuna biashara bila mtaji. Kabla hamjafanya lolote, akina mama, tafuteni mtaji."

Hapo ndipo mambo yalipopinda. Kwa Kikamba, mtu anayetoa mashauri huitwa mutai. Ile herufi ya j haijawahi kujisikia nyumbani katika vinywa vyetu, na kwa redio iliyokuwa inakwaruza ilipotea kabisa. Mtu wa pwani angesikia "mtaji wenu unatosha" na "mtaji huu" akajua si binadamu anayezungumziwa. Lakini Kiswahili cha Zombe hakijawahi kumnyima mtu usingizi kwa sababu ya u na a. Kikundi kizima kilielewa jambo moja: serikali inataka kila kikundi kiwe na mshauri.

Mutindi alizima redio kuokoa betri na kuuliza nani atakuwa mtaji wao. Anatakiwa mtu anayejua Kiswahili, tena aliyewahi kuona biashara kwa macho. Wakatazamana. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kutazama dirishani. Kalunde alikuwa amekaa miaka mingi karibu na Salama, kwenye barabara ya Mombasa, akiuza mayai na ndizi kwa wasafiri. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatafsiria maneno magumu akiwa huko huko nje.

"Mwiteni aingie," Mutindi akasema.

Akaingia, na nyuzi zake mkononi, akasogezewa nafasi kwenye kiti. Na yeye pia aliamini, usidhani alikuwa anawadanganya. Kiswahili chake kilikuwa cha kando ya barabara, ambako watu walisema "pesa ya kuanza" na mambo yakaisha. Jioni hiyo alipofika nyumbani, Ndinda alipakua bila kukwangua sufuria. Mtu akiwa na cheo kwenye kikundi huwezi kumkwangulia tu.

Kuanzia hapo, kila redio iliposema neno kuhusu mtaji, kikundi kilimtazama Kalunde. Mtaji hauliwi, mwalimu alisema, na kina mama wakashangaa hao watu wa vikundi vingine ni wa namna gani. Mtaji usikopeshwe ovyo. Kikundi cha jirani kilipomwomba Kalunde aende akawape mashauri siku moja tu, Mutindi alikataa kata kata, kwa kuwa redio ilikuwa imeshakataza. Mtaji ukitoka lazima urudi na kitu. Basi wakampa Kalunde vyondo, vile vikapu vya makonge walivyosuka, wakamfunga mzigo, wakamtuma Salama.

Na kabla hajaondoka, Mutindi aliandika barua kwa mwalimu. Hakumwambia mtu alichoandika. Alisema tu ni jambo la kikundi.

Salama ilikuwa vile vile: malori, moshi, harufu ya nyama choma na ya matairi. Kalunde alijifunga leso chini usoni asije akatambuliwa na mtu wa Matiliku, akaenda moja kwa moja kwa Waithera, mama wa Murang'a aliyekuwa na kibanda pale tangu zamani. Vyondo vilipendwa. Waithera alivipanga mbele, wazungu wa kwenda Mombasa wakasimama, na kabla ya jua kugeuka vilikuwa vimebaki vichache. Kalunde akaona raha ya kujisifu kidogo. Alisema kule kwao yeye si mtu wa hivi hivi, yeye ndiye mtaji wa kikundi.

Waithera aliacha kufunga mzigo.

"Wewe ni nini?"

"Mtaji. Redio ilisema kila kikundi iwe na mtaji. Wakanichagua."

Waithera alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia. "Woi, mama. Mtaji si mtu. Mtaji ni ile pesa ya kuanza, ile mnachanga. Nani alikudanganya ati ni mtu?"

Kalunde alicheka pia, maana ungefanya nini. Njia nzima ya kurudi hakuwaza vyondo wala faida. Aliwaza kile kiti cha kanisani. Akisema ukweli, atarudi chini ya dirisha, na kutoka dirishani hadi Matiliku si mbali. Ndugu yake alikuwa ameanza kusema kwamba pengine watu wa Muli wataogopa kumchukua mtu mwenye kazi ya kikundi. Ni uzi huo tu uliokuwa umemshikilia, na sasa alijua umesokotwa kwa kosa la masikio.

Alifika Zombe akasifiwa kwa jinsi mtaji alivyorudi na kitu. Akanyamaza. Jumatano ikaja, akanyamaza. Kila kipindi kilipofika sehemu ya barua za wasikilizaji, vidole vyake vilisahau kusokota, na barua zilipoisha bila Zombe kutajwa alipumua. Mavuno yalikuwa yameanza. Mbaazi zilikuwa zinaanikwa uwanjani, na huko Matiliku pia walikuwa wakianika zao.

Siku ikafika. "Barua hii," mwalimu akasema, "inatoka kwa kikundi cha Kyeni, Zombe, Kitui."

Ungekuwepo. Wanawake walishikana mikono, mmoja akaanza kulia kwa furaha kwamba Zombe imetajwa Kenya nzima. Mwalimu akasoma: "Mtaji wetu ni mzuri na ana bidii. Lakini watu wa Matiliku wanataka kumchukua baada ya mavuno. Yeye hataki kwenda. Tufanye nini?"

Redio ikanyamaza, hata Mutindi akadhani ni betri. Kisha sauti ikarudi, polepole, ya mtu anayechagua maneno.

"Akina mama wa Zombe, nadhani hatukuelewana, na kosa ni langu. Mtaji si mtu. Mtaji ni mali. Ni kile ambacho kila mmoja anatoa katika alicho nacho, mkakiweka pamoja, ili kitu kipate kuanza. Ama huyo dada asiyetaka kwenda, mimi mwalimu wa biashara sina somo lake. Namwombea heri."

Muziki ukapigwa. Mutindi akazima.

Kalunde aliinuka. Alikusanya makonge yake, na kwa kuwa yalikuwa yametapakaa ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia wala aliyemtazama. Aibu ilimchoma masikio. Alifika mlangoni ndipo Mutindi alipomuuliza anakwenda wapi.

"Mahali pangu," Kalunde akasema. "Mwaitu, mama yangu, mimi si mtaji. Nilijua tangu Salama, nikaogopa kusema."

Mutindi alikuwa anakikunja kitambaa cha redio na kukikunjua tena. "Hebu nitafsirie vizuri, maana Kiswahili chake kinateleza. Amesema mtaji ni nini?"

"Ni mali. Kila mmoja anatoa alicho nacho, inawekwa pamoja, kitu kianze."

"Basi bado hatujautoa," Mutindi akasema, na kuwaambia watu wafunge mkutano kwa maombi.

Kalunde aliomba na wengine akijua kwamba mambo yamekwisha. Siku zilizofuata hakuitwa popote. Jumatano iliyofuata hakwenda kusikiliza, hata dirishani. Alifunga nguo zake katika kitambaa, akakiweka nyuma ya mlango. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kutazama barabarani.

Watu wa Matiliku walikuja asubuhi moja, Muli na wazee wawili, wamevaa makoti. Mwangangi aliwapa viti, akakaa na kutazama chini. Salamu zilikuwa hazijaisha ndipo kengele za mbuzi ziliposikika. Kwanza alionekana Mutindi, amevaa nguo za Jumapili, akivuta beberu lililokuwa likikataa kila hatua. Nyuma yake mwingine na mbuzi wake, na mwingine, na wawili waliochangia mmoja, kila mtu akishika upande wake wa kamba ili pasiwe na ubishi. Waliwafunga mbuzi kwenye ua wa Mwangangi. Uwanja ulijaa mlio.

Muli alihesabu kwa macho, akasema mmoja amepungua. Hapo ndipo Ndinda alipotoka jikoni. Alipita katikati ya wanaume na kwenda zizini, akarudi na yule jike mwenye sikio jeupe, mbuzi pekee wa nyumba ile, ambaye alimkamua ili mwanawe apate maziwa. Akamfunga na wenzake. Kisha akarudi jikoni, na Kalunde akamsikia akikwangua sufuria kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza mlio ule ukamtoa machozi ya furaha.

Mzee mmoja wa Matiliku aliuliza hawa wanawake ni nani na mke wa mtu anawahusu nini.

"Huyu ni mtaji wetu," Mutindi akamjibu. "Mtaji hauliwi, na haukopeshwi. Chukueni mbuzi wenu."

Wakachukua. Wanawake walibaki bila mbuzi wa kuanzia biashara, wala wa kulipia ada ya shule. Walianza na mikono na makonge, na Kalunde akienda Salama na kurudi, mwaka baada ya mwaka, haba na haba, mpaka likajengwa duka, likachimbwa na tangi la maji. Redio ilikufa, kipindi kikaondolewa hewani, na yule mwalimu wa pwani hawakujua alikoishia. Kalunde bado humkumbuka siku za Jumatano. Angependa mwalimu huyo ajue yaliyotokea.

Mwaka wa tisini na sita alikuja kijana mmoja, Jonah, mpole, mwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani, kuwafundisha vikundi kupanga biashara. Kanisa lilikuwa limeshapigwa rangi, lakini dirisha lilikuwa lile lile. Mutindi alikuwa haoni vizuri tena, ila aliletwa na kukalishwa mbele. Jonah alisema wataanza na historia ya kikundi, ajue walikotoka. Akafungua kalamu yake.

"Mlianza na mtaji wa kiasi gani?"

Hakuna aliyecheka. Wale kina mama wa zamani waligeuka, mmoja baada ya mwingine, kama walivyogeuka siku ile, na kijana akabaki amesimama na kalamu juu akiangalia wanakoangalia. Mutindi alinyoosha mkono hewani, akitafuta.

"Kalunde," akasema, "simama akuone."