Wajomba Kumi na Wanne

Neno la Kiingereza get lilinichukua wiki tano kulifundisha, na sijutii hata siku moja. Yaani, nilikuwa sijutii. Waingereza ni wavivu. Sisi tuna kupata, kupokea, kununua, kufika, kuelewa, kuleta, kuamka, kuzeeka, kushikwa na ugonjwa; wao mzigo huo wote wanaubebesha kineno cha herufi tatu. Halafu wakitaka waonekane wamesoma wanakuletea obtain, receive, fetch, become. Nilikusanya maana thelathini na moja. Kila maana niliipa sentensi yake, na maneno mengine yanayoweza kusimama mahali pake. Nikajaza tablo, ubao mzima, mara tisa, wanafunzi wakanakili kwenye makayee, yaani madaftari yao, wakaenda nyumbani kushika kichwani.

Ndivyo tunavyosoma hapa Uvira. Minye mwenyewe nilisoma hivyo: ulichoandika ndicho unachorudisha, nukta kwa nukta, na ukibadilisha neno moja mwalimu anakukata pointi. Naitwa Ismaili. Nafundisha Kiingereza saa kumi alasiri katika stoo ya kaka yangu kule Mulongwe, katikati ya magunia. Mke wangu Aziza husema hasira zangu ziko karibu sana. Kweli ziko karibu, na anayejua zilipo kuliko watu wote ni yeye.

Katika watu kumi na wanne wa darasa, tumaini langu lilikuwa Noella. Ni mama wa miaka thelathini na kitu, wa Sange, anafanya kazi kwenye mashini ya mpunga. Tangu alfajiri anapepeta, na vumbi la pumba linamwingia. Mwaka jana alianza kukohoa. Kwenye dispansari walimpima, wakamwambia si kifua kikuu, ni vumbi, na kwamba aache kazi hiyo kabla kifua hakijaharibika kabisa. Kuacha ni rahisi kusema. Ana watoto watatu, na mume alikwenda machimboni akapotelea huko. Ndiyo sababu alikuja kusoma, mara tatu kwa wiki, Sange mpaka Uvira na kurudi. Hakukosa hata siku ya mvua.

Kisha tukasikia kuna shirika linatafuta mkalimani wa kuzunguka na wageni Sange, Bwegera na Katogota, kuongea na wakulima ambao mafuriko yaliwaharibia mashamba. Noella ni wa kule kule, Kifuliiru anakijua, Kirundi anakijua. Nikamwambia kazi hii ni yako, ukiipata unaaga pumba. Nilisema hivyo mbele ya wenzake wote. Haikuwa vizuri, lakini ndivyo nilivyo.

Aliyetumwa na shirika kuwapima wanafunzi wangu alikuwa Madame Domitille, mama wa Bujumbura, mpole, mwenye miwani. Aliniuliza wanafunzi wamefikia wapi. Mwamba ngoma huvutia kwake: nikamjibu kwamba neno get wanalijua kuliko wenyewe waliolizaa. Akasema vizuri, basi kila mmoja aandike sentensi kumi juu ya wiki yake mwenyewe, akilitumia neno hilo. Nikakaa juu ya gunia la maharagwe, nikakunja nne, nikangoja sifa zangu.

Alisoma karatasi ya kwanza akatabasamu. Akasoma ya pili. Kwenye ya tano akavua miwani.

"Mwalimu," alisema, "mjomba wa huyu alipata malaria mwezi wa tatu."

"Ndiyo, Madame."

"Na wa huyu. Na wa huyu pia. Wajomba kumi na wanne, wote malaria, wote mwezi wa tatu. Wote wananunua samaki Kalundu. Hawa watu wameibiana."

Kuibiana! Damu ilinipanda. Nilimwambia, kwa sauti ambayo hata wauza sukari wa barabarani waliisikia, kwamba darasani mwangu haiibwi hata koma. Sentensi ni zangu, mjomba ni wangu, malaria ilikuwa yake, na wanafunzi wamezishika kichwani kwa jasho lao. "Kama huamini wasimamishe, mmoja mmoja. Anza na huyu mama."

Noella akasimama. Mikono nyuma, macho ukutani, akazitoa zote thelathini na moja, kila moja na ndugu zake, obtain, receive, fetch, bila kukwama. Alikohoa mara mbili tu katikati. Nilitaka kulia kwa fahari. Mathieu, fundi viatu, akafuata, kisha Ornella, kwa mpangilio ule ule. Alipofika wa nne Madame Domitille akainua mkono.

"Basi. Hawakuibiana. Naomba msamaha."

Nikamwambia nimesamehe, nikavimba kichwa.

Akamgeukia Noella, akasema naye kwa Kiingereza cha polepole. Alimuuliza kazi yake ni ipi, na kikohozi hicho amekitoa wapi. Swali lenyewe lilikuwa na get ndani yake. Ajibu kwa maneno yoyote, hata matatu, hata mabovu. "Kazi yetu ndiyo hiyo," akaniambia mimi kwa Kiswahili. "Mkulima atasema yake, hatasema ya kwenye kayee."

Noella alilielewa swali, nililiona hilo usoni pake. Midomo ikafunguka. Akatazama kayee yake, akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "ile hatujaandika."

Hakuna aliyecheka. Madame Domitille akakusanya karatasi zake kwa heshima. Mlangoni akaniambia kwamba wanafunzi wangu wana vichwa vizuri sana, na kwamba mkalimani atamtafuta Bujumbura. Niliitafuta hasira yangu nisiione. Mama wa watu alikuwa amesema kweli.

Wengine wakatoka. Noella akabaki.

"Unisamehe, Mwalimu. Nimekupatisha haya mbele ya mugeni."

"Si weye, Noella. Ni minye niliyekosa."

Alidhani nasema kwa adabu tu. Jumatatu angerudi kwenye pumba, tulijua wote wawili. Yeye akavuta benchi karibu na tablo, akakaa.

"Siku wengine wakikuja kutafuta mutu, nikuwe na ile jibu ya kikohozi," alisema. "Uniandikie."

Akafunua ukurasa mpya, akaandika tarehe juu, akapiga mstari kwa rula. Kisha akainua kalamu, akangoja nimwambie kifua chake kinaumaje.