Ufunguo Ndani ya Rimoti

Faridu alichonga funguo kwa miaka ishirini na sita, na alipofariki alimwachia mkewe Mwanne meza moja, jiliwa ya kubania vyuma, tupa saba, na kopo la funguo zisizokuwa na wenyewe. Alikuwa mtu wa Pangani aliyekuja bara kufuata biashara ya makufuli, akaoa Mugumu, kisha dhahabu ilipoanza kuita watu akahamia Kewanja na mke wake. Miaka yote hiyo Mwanne alikaa naye mezani. Mkono wake ulikuwa umeshaupita wa mumewe kwa wepesi, na Faridu mwenyewe alikuwa akikiri hivyo wakiwa nyumbani. Lakini mteja akifika, macho yake yalikwenda kwa mwanaume. Baada ya mazishi wateja waliendelea kufika, wakaiona meza, wakamwona mwanamke wa makamo aliyevaa miwani na ushungi, wakauliza fundi yuko wapi.

Halafu yakaja magari. Vijana waliobahatika machimboni walianza kununua magari ya mtumba kutoka Japani, na magari yale hayakuwa na ufunguo wa kuchongwa. Yalikuwa na rimoti, kidude cheusi cha plastiki kinachotosha kiganjani. Mwenye nacho mfukoni akiusogelea mlango unafunguka, akikaa kwenye usukani anabonyeza kitufe tu na gari linawaka. Watu wakamwambia Mwanne kwamba kazi ya marehemu imekwisha, auze jiliwa.

Mwanne hakuiuza. Alikuwa mdadisi tangu utotoni, mtu ambaye hawezi kuona kitu kimefungwa asijiulize kinafungukaje. Kila gari geni lilipoegeshwa karibu na meza yake alimsalimia dereva na kumwomba kile kitabu cha maelekezo kinacholala ndani ya kabati la dashibodi, ambacho hakuna aliyekuwa amekifungua kwa sababu kimeandikwa Kijapani kitupu. Yeye hakuyahitaji maneno. Kulikuwa na picha: mkono, rimoti, mshale, mlango. Alizinakili kwa penseli kwenye daftari la shule, moja baada ya nyingine. Siku moja dereva wa lori alimtupia rimoti iliyokufa, akaikalia jioni nzima akiigeuzageuza, mpaka ukucha wake ukanasa kwenye kitu kidogo pembeni, kama ulimi. Akausukuma, akavuta. Ukatoka ufunguo mwembamba wa chuma, wenye meno, kama funguo zote alizowahi kuzishika maishani. Alicheka peke yake hadi jirani akamwuliza kulikoni.

Jirani huyo alikuwa Gasto, fundi umeme wa magari, mtu wa Muleba. Gereji yake ilikuwa bati na nguzo nne, hatua kumi kutoka kwenye meza ya Mwanne. Hakuwa mtu mbaya. Walisalimiana kila asubuhi, na sikukuu zilipofika Mwanne alimpelekea pilau. Ila rimoti zote mbovu za Kewanja zilipelekwa kwa Gasto, kwa sababu alikuwa na ovaroli, na Gasto hakuwahi kumwuliza Mwanne lolote kuhusu kazi.

Ikafika mahali Mwanne akachoka. Kaka yake, Dullah, mwenye duka la vitenge Mugumu, alimpigia simu akamwambia arudi nyumbani wasaidiane dukani. Mwanne akakubali. Akamwambia atamaliza mwezi tu.

Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi uishe pale rashi, mbio za kukimbilia dhahabu mpya, ilipolipuka. Usiku zilipita habari kwamba duara, shimo la wachimbaji, limetema dhahabu huko upande wa Itiryo, kwamba mawe yanang'aa juu juu, na kulipopambazuka Kewanja ilikuwa kama uwanja wa shule siku ya likizo. Pikipiki zote zilikuwa zimeondoka. Magari madogo, malori, hata mkokoteni wa muuza maji, vyote vilikwenda kwenye rashi. Gasto alibaki kwa sababu alikuwa na injini ya mtu iliyofunguliwa nusu. Mwanne alibaki kwa sababu hakuwa na cha kufuata huko.

Saa tatu asubuhi akatokea kijana anatembea kwa haraka kutoka upande wa Genkuru, shati limelowa jasho. Alikuwa Matiko, mchimbaji mdogo aliyepata gari lake mwaka uliotangulia. Alimwamkia Mwanne shikamoo, kisha akaenda moja kwa moja kwa Gasto na kumweleza shida yake, na Mwanne akasikia yote.

Mama yake, Robi, alikuwa haoni kwa mwaka wa nne sasa. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Tarime kwa wiki moja, na hii ilikuwa siku ya mwisho. Muuguzi wa zahanati, Eugenia, alikuwa amehangaika hadi jina la mama likaingia kwenye orodha, na jana jioni akapiga simu kusisitiza kwamba asiyekuwapo saa nane mchana nafasi yake itachukuliwa na mwingine, na hakuna ajuaye watarudi lini. Sasa rimoti ya gari ilikuwa imemponyoka Matiko jana yake, ikazama kwenye maji ya duara. Aliipata, lakini tangu hapo gari halifunguki wala halimtambui. Alitafuta usafiri mwingine tangu alfajiri, akaambiwa kila mtu yuko kwenye rashi. Pikipiki, hata kama angeipata, isingefaa. Mama aliwahi kuanguka kwenye pikipiki, na nyonga yake haikupona sawasawa.

Wachimbaji wenzake Matiko walikuwa wamemwita Itiryo usiku uleule. Alikataa kwenda kwa ajili ya mama yake, na sasa ilionekana amekosa huku na kule.

Gasto alimsikiliza akifuta mikono. Alisema anaweza kuvunja kioo, lakini asingependa kumdanganya: gari la namna ile hata ukiingia ndani haliwaki bila rimoti, na rimoti nyingine inaagizwa Dar es Salaam, itafika baada ya wiki. Matiko akakaa juu ya tairi bovu na kuinamisha kichwa.

Mwanne aliinuka mezani kwake. Akamwomba aione hiyo rimoti. Aliifungua, akaikausha kwa kitambaa, akabadilisha betri yake bapa, akabonyeza. Taa haikuwaka. Alijaribu betri nyingine, ikawa vilevile. Basi akaenda kwenye mkoba wake, akatoa daftari, akapekua mpaka kwenye picha aliyoitaka: betri iliyochorewa msalaba, na chini yake mkono umeshika rimoti na kuigusisha kwenye kitufe cha kuwashia gari. Alikuwa ameinakili mara mbili kutoka kwenye vitabu viwili tofauti, kwa sababu mara ya kwanza alidhani amekosea kuielewa.

"Mwanangu," alimwambia Matiko, "mlango nitaufungua. Kuliwasha gari, hilo sijawahi kulifanya. Nimeliona kwenye picha tu."

Matiko alimtazama Gasto. Gasto naye akaliangalia daftari kwa muda.

"Mimi sina hata hiyo picha," akasema. "Twende."

Walitembea wote watatu hadi Genkuru. Njiani Mwanne alikuwa akijiuliza kilichomtuma kuinuka. Angeshindwa mbele ya Gasto, habari ingemfuata mpaka Mugumu. Lakini miguu ilikuwa inakwenda, na rimoti aliishika mkononi kama yai.

Bibi Robi alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, amevaa kitenge kisafi na viatu vya kanisani, kikapu kiko pembeni. Alikuwa amekaa hivyo tangu alfajiri. Aliuliza kwa Kikurya ni akina nani wamekuja, na Matiko akamjibu kuwa ni mafundi. Mwanne akamwamkia.

"Marahaba," akajibu mzee, akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Huyu ni mwanamke."

"Ndiyo, mama. Fundi ni mimi."

Bibi Robi alikigusa kikapu chake. "Basi fanya, mwanangu. Nimesubiri miaka minne, sitashindwa na kitambo kidogo."

Mwanne aliuchomoa ule ufunguo mwembamba kutoka ubavuni mwa rimoti. Matiko alishtuka, maana alikuwa ametembea nao mfukoni mwaka mzima bila kujua. Lakini walipofika mlangoni hapakuwa na tundu la ufunguo. Mlango ulikuwa laini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Gasto alizunguka gari, akarudi akitikisa kichwa. Mwanne hakutegemea macho. Alipitisha vidole chini ya kitasa, taratibu, kama anayetafuta mwiba kwenye kisigino cha mtoto, mpaka akahisi mpasuko mdogo. Kilikuwa kifuniko cha plastiki. Akakibandua kwa ncha ya ufunguo, na tundu likaonekana, limejaa vumbi. Akalipuliza, akaingiza ufunguo, akazungusha. Ulikuwa mgumu, kisha ukakubali.

Mlango ulipofunguka gari likapiga yowe. Honi na taa vilianza kwa pamoja, kuku wakatawanyika, na kabla hujahesabu kumi majirani walikuwa wanakuja mbio, wengine na fimbo, kwa sababu Genkuru mwizi wa gari hasubiriwi ajieleze. Matiko alisimama getini, mikono juu, akawaambia kwa sauti kwamba gari ni lake na watu hawa ni mafundi wake. Wakasimama, lakini fimbo hawakuziweka chini.

Mwanne aliwapa mgongo. Alimwita Matiko akae kwenye usukani na akanyage breki, asiachie. Yeye akainama kupitia mlango wa pili, akaigusisha rimoti kwenye kitufe. Hakuna kilichotokea. Yowe liliendelea. Akairudia, hakuna. Akalifungua daftari juu ya kiti, akaitazama tena picha. Mkono kwenye picha ulikuwa umeshika rimoti upande wa vitufe, na mgongo wake, penye alama ya gari, ndio uliogusa. Yeye alikuwa ameigeuza.

Akaigeuza. Gari likalia mlio mdogo, tofauti na ule mwingine, na taa ya kitufe ikawa kijani.

"Bonyeza sasa," akasema.

Injini ikawaka. Yowe likakatika hapohapo, na katika kimya kile ukasikika mngurumo mwepesi wa gari zima. Mwanne alikaa kwenye kiti cha abiria. Alimwonyesha Matiko mara mbili namna ya kushika, ili akilizima njiani asikwame. Gasto na majirani walimwinua Bibi Robi, wakamketisha, na ilipotimia saa tano na robo gari lilikuwa barabarani kuelekea Tarime.

Kurudi Kewanja Mwanne na Gasto walitembea taratibu. Walipokaribia ndipo Gasto alipouliza.

"Mama Mwanne, ile rimoti haina uhai. Gari limeitambuaje?"

Mwanne akamweleza anavyodhani: kwamba ndani yake lazima kuna kipande kisichokula betri, ambacho gari hukisoma kikiwa karibu kabisa, kama mtu asiyeona mbali. Gasto alitafakari, kisha akamweleza kwa nini jambo hilo linawezekana, habari ya umeme unaoruka bila waya, na Mwanne akamwuliza maswali mpaka wakafika. Jioni Gasto aliomba kuazima daftari. Kesho yake alilirudisha, kisha akaibeba meza ya Faridu, jiliwa na vyote, akaiweka chini ya bati la gereji.

Siku hiyohiyo, Alhamisi usiku, Matiko alipiga simu. Walifika saa saba kasoro. Mama alifanyiwa jicho la kulia, asubuhi bandeji ikatolewa, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba mwanawe amekonda. Rimoti ileile aliileta gereji Ijumaa. Mwanne akasafisha kutu yote ndani kwa mswaki na spiriti, akaonyesha palipokatika, na Gasto akapachomelea kwa risasi ya kulehemu. Ilipowaka taa walitazamana kama watoto walioiba maembe bila kukamatwa.

Kwa Dullah alipiga simu mwenyewe. Alimwambia haji. Kaka alitaka kujua sababu, na Mwanne akasema tu kwamba ana kazi. Ilikuwa kweli. Waliotoka kwenye rashi walirudi, wengi mikono mitupu, na rimoti zao zimejaa tope. Walipomfuata Gasto, yeye aliwaelekeza kwa kidevu: fundi yule pale.

Wiki iliyofuata gari la Matiko lilisimama mbele ya gereji, na Bibi Robi akashuka. Alikuwa na fimbo na alikuwa anachechemea, lakini hakushikwa mkono. Alimpita Gasto. Akamfikia Mwanne, akasogeza uso karibu, akamchunguza kwa jicho moja kuanzia ushungi hadi viatu.

"Nilidhani wewe ni mnene," akasema. "Sauti yako ni ya mtu mnene."

Mwanne alicheka, akamvutia kiti. Mzee hakukaa. Alitaka aone hicho kidude kilichotaka kumnyima macho. Mwanne akamwekea kiganjani, akamwonyesha kitufe cha kufungulia, akamwambia asikibonyeze na kukiachia kama wafanyavyo watu wote. Akibonyeze akishikilie. Matiko mwenyewe hakulijua hilo.

Bibi Robi akaelekeza rimoti kwenye gari, akabonyeza, akashikilia. Vioo vyote vinne vikaanza kushuka kwa pamoja, polepole, hakuna aliyevigusa, na joto la mchana likatoka ndani ya gari. Alivitazama mpaka vilipozama kabisa. Kisha akamwuliza Mwanne vinapandaje, kwa sababu alitaka kuviona vikishuka tena.