Meno ya Mheshimiwa

Mume wangu hutengeneza meno. Hang'oi wala hazibi. Hiyo ni kazi ya madaktari wanaomletea wateja. Yeye huletewa alama ya mdomo wa mtu, akaimiminia plasta, likatoka taya, kisha akaliinamia taya hilo na nta yake na kisu chake kidogo mpaka mtu asiyemjua aweze kutafuna tena. Chumba chetu cha mbele ndicho karakana. Ukiingia unapokelewa na mataya yaliyopangwa rafuni, yote yamekenua, na mgeni asiyezoea hukosa pa kuweka macho. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mtu huyu alikuwa anajua vizuri meno ni kitu gani. Hilo ndilo linaloniuma.

Tumbili aliletwa na shemeji yangu, dereva wa lori, ambaye hajawahi kuleta kitu cha maana katika nyumba hii. Alimnunua njiani akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, macho yamemtoka, anang'ang'ania kidole cha kila aliyemkaribia. Nilisema siku ileile kwamba mnyama wa porini si kuku. Nilisema atakua. Hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa ameshampokea na kumkumbatia kifuani, akasema, "Huyu ana baridi."

Hapo sote tukanywea. Tangu baba mkwe afariki, mama alikuwa amekaa katika chumba cha nyuma kama mzigo ulioshushwa na wenyewe hawajaja kuuchukua. Ukimsalimia anaitika, ukimwekea chakula anakula, basi. Tulimwita daktari, akasema mwili ni mzima. Maneno hayo juu ya baridi yalikuwa ya kwanza kuanzishwa na yeye mwenyewe tangu msiba. Mume wangu alitoka nje akasimama kuelekea ukuta, nikajua analia.

Basi tumbili akakaa. Binti yetu, kitindamimba wangu, akampa jina la Mheshimiwa kwa jinsi alivyopenda kukalia kiti cha mbele na kutazama wengine wakifanya kazi. Na mama akarudi duniani. Alimgombeza, akambembeleza, akamwogesha, akadai sabuni nyingine. Akawa anakuja jikoni kumtafutia ndizi, akishafika anabaki kunieleza kwamba vitunguu havikatwi hivyo. Nilikuwa nanuna usoni huku moyoni nafurahi. Nyumba ilikuwa imepata mtu wa kunisimanga tena, na nilikuwa nimemkosa.

Hata mimi, sitaficha, kuna siku nilimpenda yule mnyama. Alikuwa anakuja kunichambua nywele nikiwa nimechoka, taratibu, kama vile alikuwa na hakika atakuta kitu cha maana humo.

Lakini alikua, kama nilivyosema. Alipokomaa, chonge zake zikatoka ndefu na kali, naye akaanza kuchagua watu. Mama alikuwa wake. Sisi wengine tulikuwa wavamizi. Nikienda kumtandikia mama kitanda, ananitolea meno. Alichana mapazia. Alipanda rafuni akaangusha taya la mteja aliyekuwa amengojea kwa hamu, likawa unga. Siku moja akamrarua shemeji mkono, na kwa hilo peke yake sikumlaumu sana.

"Sasa aondoke," nilimwambia mume wangu. "Kuna kituo nje ya mji kinawapokea hawa. Wanawafundisha kuishi na wenzao."

Alitazama mlango wa chumba cha nyuma. Mama alikuwa anasikika ndani, anamsimulia Mheshimiwa habari za jirani.

"Akiondoka, mama atarudi kule alikokuwa."

"Na akimng'ata mtoto?"

Alizungusha kile kisu kidogo kwenye vidole. Halafu akatoa sentensi ambayo mpaka leo nikiikumbuka napandwa na hasira. "Tatizo si tumbili, mama watoto. Tatizo ni chonge."

Daktari wa wanyama alimkatalia kuzing'oa. Alimwambia waziwazi kwamba jambo hilo halifanywi. Mume wangu akaja nyumbani hakuniambia, akatafuta dawa ya usingizi kwa njia zake, akaazima koleo kwa mmoja wa wale madaktari wa meno, na akangoja siku niliyompeleka mama kupimwa macho. Tuliporudi, Mheshimiwa alikuwa amelala juu ya meza ya kazi, amefungwa taulo, mdomo umejaa pamba. Kwenye kisahani kulikuwa na chonge zake.

"Amefanywa nini?" mama akauliza.

"Meno yalikuwa yanamsumbua, mama. Nimemsaidia. Moja limekatika kidogo, lakini si kitu."

Mama akamshukuru. Alimshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili akamshukuru, mbele yangu, nami nikaufunga mdomo kwa sababu ningeanza nisingemaliza.

Kwa muda kukatulia, na fundi wetu akatembea kifua mbele. Kisha shavu la Mheshimiwa likaanza kuvimba. Akaacha ndizi, akawa anakula uji tu, tena kwa kulishwa. Alikuwa anakaa pembeni ameegemeza kichwa ukutani, na mama amekaa karibu yake, anamkanda shavu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Mume wangu alisema kidonda huchukua muda. Nilimwambia amrudie yule daktari wa wanyama. Alisema kesho, na kesho yake akasema kesho. Aliona aibu, nilijua, na aibu ya mwanamume mzima ni ngumu kuisogeza kuliko kabati.

Mchana mmoja binti yetu alirudi kutoka shuleni, akamkuta Mheshimiwa kwenye kiti chake. Akanyoosha mkono ampapase shavu, kama alivyomwona bibi yake akifanya. Mheshimiwa akamng'ata kidole gumba. Kumbe hazihitajiki chonge. Meno ya mbele yalitosha kuufikia mfupa, na niliposikia ule ukelele nilitoka jikoni na kisu mkononi, na laiti ningemfikia yule mnyama, hadithi hii ingeishia hapo.

Hospitali walimshona mtoto na kumchoma sindano. Tulipotoka, nilipiga simu kituoni mwenyewe, sikumuuliza mtu.

Aliyekuja ni mama mmoja mwenye viatu vya mpira na glavu nene, amebeba sanduku la mbao lenye matundu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwomba mama mkwe amfunue Mheshimiwa mdomo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kumgusa, akamulika tochi ndani, akakaa anatazama. Nyuma yake yale mataya yote yamekenua.

"Nani amemng'oa?"

"Mimi," akasema mume wangu.

Nilidhani atamkaripia. Alizima tochi tu. "Mzizi mmoja umebaki ndani, umeoza mpaka kwenye mfupa. Maumivu haya, hata mimi ningeng'ata. Tutajaribu kumtibu."

"Akipona mtamweka na wenzake?" mume wangu akauliza.

"Ningemweka, kama angekuwa na chonge. Dume huwa anafungua mdomo kwanza, wenzake wanaona, wanampa nafasi yake. Huyu hana cha kuonyesha. Watamrarua siku ya kwanza. Itabidi akae peke yake kwenye banda."

"Mpaka lini?" mama akauliza.

"Mpaka mwisho wake, bibi."

Mama alibaki amempakata Mheshimiwa, anamsugua mgongo. Kisha akamgeukia mwanawe. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nimejiandaa kuyafurahia. Lakini alisema kwa sauti ileile anayoombea chumvi mezani.

"Mtengenezee."

"Mama?"

"Meno. Wewe si ndiyo kazi yako? Umewatengenezea watu usiowajua. Mimi nala kwa meno yako. Mtengenezee na yeye, akae na wenzake."

Mama wa kituo alitazama chini. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua zaidi ya mume wangu kwamba jambo hilo haliwezekani, na kwamba ilimpasa aseme hivyo.

"Nitajaribu, mama," akasema.

Mama akamtia Mheshimiwa sandukuni mwenyewe, na yeye akaingia bila ubishi kwa sababu ni mama aliyemwambia aingie. Alimwelezea kupitia matundu kwamba ni kwa muda tu, meno yake yanatengenezwa.

Tangu hapo, kila asubuhi wakati wa chai, lilikuwa swali hilohilo. "Meno yamefika wapi?" Na mume wangu, macho kwenye kikombe, anajibu, "Bado, mama." Mama anatikisa kichwa kukubali, anaendelea na mkate wake. Hakurudi kule tulikoogopa atarudi. Alikuwa anakuja jikoni, anamtazama mtoto kidole, anasimanga vitunguu vyangu. Ile "bado" ndiyo iliyokuwa imemshikilia, na mume wangu aliilinda kwa nguvu zake zote. Mimi ilinichoma. Kosa la kwanza alilifanya kwa koleo, nikasema moyoni, na sasa la pili analifanya kwa ulimi.

Juzi simu yangu ililia. Mama wa kituo. Alisema usaha uliingia kwenye damu, walijitahidi, na Mheshimiwa alikutwa asubuhi amejikunja kwenye kona ya banda. Alisema pole, na ilisikika kwamba ni pole ya kweli. Nilimwambia mume wangu akiwa kazini. Aliweka kisu mezani, akakaa, akaniomba nimwachie yeye amwambie mama.

Jana asubuhi mama akauliza. Nikasikia, "Bado, mama," kwa sauti ileile, hata haikutetemeka.

Nikasema basi, yametosha. Leo mume wangu ametoka mapema kupeleka kazi ya watu, hata chai hakungoja. Nikaingia chumba cha nyuma. Mama alikuwa dirishani, anashona kifungo cha sare ya mjukuu wake. Nikakaa kitandani. Nilikusudia kuanza na meno, halafu nifike kwenye lile lingine.

"Mama, yale meno hayatengenezwi. Hayawezekani. Hayakuwezekana tangu mwanzo."

"Najua," akasema. Hakuinua macho kwenye sindano. "Meno ya bandia hukaa kwa sababu mwenyewe anataka yakae. Mimi mwenyewe yalinitesa nusura niyatupe. Mnyama angeyatema siku hiyohiyo."

"Sasa kwa nini unamuuliza kila siku?"

Alikata uzi kwa mkasi, akaulainisha mwisho wake kwa vidole, akautia tena sindanoni. Ilichukua muda, maana macho yake si mazuri.

"Kwa sababu ananijibu. Kuhusu meno alinidanganya, mwanangu, nimeshaelewa. Lakini kuhusu kifo hawezi kunidanganya. Baba yake alipokata roho, ni yeye aliyekuja kuniambia, peku, hata viatu hakukumbuka. Siku Mheshimiwa akifa, lile neno litamkwama kooni, nami nitajua. Kila akisema bado, najua yule mwenzangu yupo."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye sakafu. Nilitafuta mahali pa kuweka mikono yangu.

"Leo ametoka kabla sijamuuliza," mama akasema. Sasa aliinua macho, akanitazama mimi, ambaye nyumba nzima hunijua kwa kutomficha mtu neno. "Hebu niambie wewe. Meno yamefika wapi?"

"Bado, mama," nikasema.