Mahali pa Kumlaza Iddibali

Walimchukua kaka yangu Iddibali asubuhi, akiwa kwenye mapipa ya rangi, mikono yake ya zambarau hadi viwikoni. Kosa lake lilijulikana mji mzima wa Hadrumeto: alikuwa Mkristo, na hakutaka kumfukizia Kaisari ubani.

Nilimfuata gerezani.

"Tupa punje moja tu, kaka. Moshi ni moshi."

"Kama ni moshi tu, mbona wataniua kwa kuukosa?"

"Na mimi unaniachia nani?"

"Nimekukabidhi kwa Bwana wangu."

"Simjui huyo."

"Yeye anakujua."

Wakamkata kichwa.

Nilikwenda kwa Bostari, mkuu wa chama cha kuzikana cha watia rangi. Wazazi wetu wamelala katika kaburi la chama, na nafasi kando ya baba ilikuwa ya Iddibali. Niliwakuta wanachama mezani.

"Dada Arisati," Bostari alisema, "nduguyo alikula lini nyama yetu ya sikukuu?"

"Aliwabebea baba zenu jeneza."

"Kisha akaisusa meza ya miungu iliyowapokea. Mvua imetukataa kwa ajili ya watu kama yeye. Tukimlaza humo, si visima navyo vitakauka?"

Mmoja alicheka, mdomo umejaa. "Si walisema atafufuka? Kaburi la nini? Mlaze barazani, aamke mapema."

Wote wakacheka. Bostari alisubiri wanyamaze.

"Kamzike na wenzake. Ila ukishika jembe pamoja nao, nafasi yako kando ya mama yako uisahau."

Kaka alikuwa ametupwa nje ya lango la mji pamoja na wengine, wote bila vichwa. Nilimtambua kwa mikono. Wanawake wa Kikristo walikuwa wamefika na shuka, huku watoto wa mtaani wakiwarushia mavi ya punda. Hawakuniuliza namwabudu nani. Mmoja alinisogezea ndoo tu, nikaanza kumwosha. Rangi ile haitoki, tukamzika nayo. Jembe nililishika.

Bostari hakuwa anatania. Nafasi yangu kando ya mama amepewa mtu mwingine, na majirani wakinikuta kisimani hugeuza mitungi yao na kuondoka.

Mimi si Mkristo. Kila jioni bado nawasha taa ya miungu ya mama yangu. Nikifa, watakaonizika ni wale wanawake.