Salamu ya Mkono wa Kushoto

Siku washenga walipoingia uani kwake Kibondo, Theodosia alikuwa ameshaamua: mkono wa kulia hautoi. Mzee Nduwayezu wa Murungu, baba wa kijana aliyekuja kuposa, alisalimia watu kama anang'oa muhogo. Na chini ya ukucha wa kidole cha pete cha mkono huo wa Theodosia kulikuwa na maumivu ambayo miaka yote hakuna aliyeyaona. Maji baridi yakigusa, anaruka. Shuka ikikwaruza, analia. Mawifi walishahukumu kuwa ni uvivu wa kuosha vyombo. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Basi akatoa wa kushoto.

Mzee akautazama mkono ule, akarudisha kofia kichwani, akaondoka na watu wake wote, chai ikabaki mezani. Irakoze, binti yake aliyekuwa akiposwa, akalia hadi macho yakavimba. Theodosia aliona haya mpaka akashindwa kula. Akatuma salamu Murungu: kidole kinauma, hakukusudia tusi. Jibu likarudi upesi: "Kidole kisicho na kidonda? Nitakiona mwenyewe kikipimwa."

Ndivyo walivyofika Kasulu, wazazi wawili wasiosemezana, katika chumba cha ultrasaundi cha kliniki moja. Daktari Nasma akapaka jeli kwenye kidole. Jeli ya baridi! Theodosia akapiga yowe.

"Anaigiza huyu," mzee akasema. "Daktari, mwambie afumbe macho, nimguse mimi. Tuone kama atajua panapouma."

Nasma, ambaye naye hakukosa utundu, akamtazama mgonjwa wake. "Mama, unakubali?"

"Aguse!" Theodosia akafumba macho kwa hasira.

Mzee akapewa kijiti cha kiberiti. Akagusa kidole gumba. Kimya. Akagusa cha kati. Kimya. Akagusa cha pete, pembeni mwa ukucha. Kimya. Akatabasamu kama aliyeshinda kesi, akasogeza kijiti hadi katikati ya ukucha, akabonyeza.

"Mana yanje! Mungu wangu!"

Kofi lilitua shavuni kwa mzee kabla yowe halijaisha. Nalo lilikuwa la mkono wa kushoto.

Theodosia akafumbua macho, akatamani ardhi immeze. Harusi ya mwanangu nimeizika mwenyewe, akawaza. Nasma, akijikaza asicheke, akaweka kifaa chake palepale penye kijiti. Kwenye kioo cha mashine kikatokea kiduara cheusi, kidogo kama punje ya ulezi, na ndani yake wekundu wa damu ukipita.

"Ni uvimbe wa mishipa," akasema. "Si saratani. Upasuaji mdogo tu, unaondoka."

Mzee alisogelea kioo, ameshika shavu. "Kadogo hivi? Na kofi lote lile?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, mzee. Cha mama kimo ukuchani."

Mzee akavua kofia. "Mama Irakoze," akasema hatimaye, "nilikuonea. Nitarudi kuposa. Lakini salamu ya mkono wa kulia nakudai."

Theodosia akacheka na kulia kwa pamoja, kwa raha ya kuaminiwa.

Washenga waliporudi, kidole kilikuwa kimepona, anaosha vyombo kwa maji ya alfajiri mbele ya mawifi walewale. Alipomwona mzee akiingia uani, furaha ikampanda, akauinua mkono wa kulia juu kabisa ili ampe.

Mzee Nduwayezu akaruka nyuma, akaliziba shavu kwa mkono wake wa kulia. Wa kumsalimia mkwe ukabaki wa kushoto.